Mama alikuwa mama wa shule nzima. Wasifu wake niuandikeje?

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikikusoma kwa miaka mingi, sikuwahi kudhani nami siku moja nitakuandikia. Nina miaka 40, ni mziwanda katika familia ya watoto wanne, naishi Nyakato hapa Mwanza. Mama yetu alifariki Agosti mwaka jana. Mwezi ujao tunakwenda Magu kumjengea kaburi na kumfanyia misa ya kutimiza mwaka, na kikao cha familia kimenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu "wewe ndiye mwenye kalamu". Hii ni wiki ya tatu nimekaa na karatasi. Nimeandika jina lake na mwaka aliozaliwa, basi.

Mama alifundisha shule ya msingi miaka 42, kuanzia 1976 mpaka alipostaafu 2018. Siku tunamzika, mshereheshaji alisoma karatasi moja kwa dakika mbili: alizaliwa 1958, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaanza kuugua, ameacha watoto wanne na wajukuu tisa. Watu walikuwa bado wanatafuta viti chini ya turubai na yeye alikuwa ameshamaliza.

Halafu wakaja watu wa kisiwani, kule Ukerewe alikofundisha miaka mingi. Sijui nani aliwapelekea taarifa. Walikuwa kama arobaini, walivuka kwa meli ya Nansio, wakakodi Hiace mbili pale Mwanza, na walikuja na gunia la dagaa na sangara wawili wakubwa kwa ajili ya msiba. Kati yao alikuwamo mama mmoja mtu mzima, nilisikia ni mfanyabiashara wa dagaa. Alilikumbatia jeneza akalia, "Mwalimu, mama yangu, unaniachia nani?" Shangazi, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na machozi hayakunitoka. Kilichonijaa ni hasira. Nilitaka kumwambia: huyu ni mama yangu mimi, na wewe umekaa naye kuliko nilivyokaa naye mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mwaka 1989, nikiwa na miaka minne, mama alihamishiwa shule moja ya kisiwani huko Ukerewe. Baba alikuwa ameshakwenda machimboni na kuanzisha mji mwingine. Mama akatuacha wote wanne kwa bibi, Magu. Alisema ni mwaka mmoja tu, mpaka apate nyumba. Ikawa miaka 14. Alikuja likizo, na mara nyingine kati ya likizo na likizo akipata nafasi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa barabarani. Nikiona mwanamke ameshuka kwenye gari na begi la bluu nakimbia kumlaki, nikifika karibu naona siye.

Nakumbuka Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Nilikuwa darasa la nne. Redio ya jirani ilisema meli imezama karibu na Mwanza, na kwa akili yangu ya kitoto ziwa lilikuwa moja na meli ilikuwa moja, ileile anayopanda mama. Siku tatu sikula. Bibi alinieleza kwamba hiyo ni meli ya kutoka Bukoba, haina uhusiano na Ukerewe, sikumwelewa. Siku ya nne au ya tano, jioni, mama akatokea mlangoni, miguu imemvimba. Alilala na mimi usiku ule, asubuhi akaondoka. Sikuwahi kumuuliza alikujaje.

Alipohamia mjini mwaka 2003 mimi nilikuwa na miaka 18, nipo bweni. Nilijifunza kuishi bila yeye. Ila alipostaafu akawa bibi, Shangazi, bibi wa kupigiwa mfano! Mwanangu alijifunza kusoma mapajani mwake. Alikuwa na kopo la Blue Band lililojaa vizibo vya soda, anampangia kwenye mkeka, tano hapa na tatu pale. Herufi alimchorea mchangani kwa kijiti. Hakumpigia kelele hata siku moja. Saa za kutoka shule utamkuta amesimama getini, hata siku ambazo magoti yalimuuma. Bibi aliyempata mwanangu ndiye mama niliyemtamani mimi. Kuna siku nilikuwa nawaangalia pale mkekani naingia ndani nalia.

Baada ya arobaini tulipanga vitu vyake. Ndani ya sanduku nilikuta kaunta buku nne, amezijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ni mahudhurio ya wanafunzi wake wa kisiwani, aliyoyaweka mwenyewe mbali na rejista ya shule. Majina yamepangwa, na juu ya tarehe amechora viduara, vingine ameviweka wino mweusi, vingine vitupu. Sijui maana yake. Nyuma ya kila kaunta buku ndiko alikopigia hesabu za mshahara. Kila mwezi kuna mstari umeandikwa "Nauli Magu". Na mara nyingi mstari huo umekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika "viatu vya fulani", "daftari watoto 6", "dawa". Nimehesabu. Mara 31 nauli ya kuja kwetu ilikatwa kwa ajili ya watoto wa watu. Sijamwonyesha mtu yeyote.

Sasa kaka yetu mkubwa anasema kutakuwa na viongozi, kwa hiyo nisiandike kabisa kwamba mama aliingia kazini kwa mpango wa UPE, ule wa elimu ya msingi kwa wote, watu watacheka. Niandike "mwalimu kitaaluma". Wala nisitaje maandazi aliyokuwa akiuza mshahara unapochelewa. Dada anasema nisigusie miaka ya kisiwani, "usimwanike mama". Nikijaribu kuandika "alikuwa mama mwenye upendo wa pekee", mkono unagoma. Nikiandika yaliyomo moyoni, nitakuwa mtoto anayemshtaki mama yake juu ya kaburi lake. Nifanyeje?

Mziwanda wa Mwalimu, Nyakato

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa huu wa pili unaoubeba peke yako, maana wa kwanza mlilia wote, huu umejifungia nao chumbani wiki ya tatu.

Nianze na viduara, kwa sababu hivyo naweza kukusomea hata bila kuviona. Ninyi mmelelewa kwenye mashamba ya Magu, mimi nimekulia ufukweni. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za sola, na dagaa wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, basi mitumbwi inavutwa mchangani na watu wanashona nyavu. Watu wa ziwani hawahesabu mwezi kwa kalenda ya ukutani, wanahesabu giza na mbalamwezi. Na giza likiingia, darasa linapukutika. Wavulana wanakwenda ziwani usiku. Asubuhi wasichana wako kwenye mawe na mchanga wanaanika, wanageuza, wanafukuza ndege, wanakimbia kuanua wingu likionekana. Mwalimu mgeni anaona utoro, anachukua fimbo.

Mama yako alichora mwezi juu ya mahudhurio. Duara jeusi ni giza, duara tupu ni mbalamwezi. Nakuomba urudi kwenye zile kurasa uone kama majina yanapungua penye meusi na kujaa penye matupu. Kama ndivyo, basi huyo mwanamke alikuwa amegundua kwamba watoto wake hawakuwa watoro, walikuwa wavuvi, na akatafuta namna ya kuwapata siku wanazopatikana. Waulize watu wa kisiwani kama aliwafundisha mbalamwezi ikiwepo, jioni au Jumamosi. Naamini watakuambia. Hapo ndipo wasifu unapoanzia, mwanangu. Karatasi ya dakika mbili haikuwa na mwezi ndani yake, ndiyo maana ilipita kama upepo.

Sasa hili la UPE. Kaka yako nampa heshima yake kama kaka mkubwa, lakini hapa amekosea na inabidi aambiwe kwa upole na kwa uwazi. Najua neno hilo limetumiwa kama tusi. "Mwalimu wa UPE" watu walisema wakimaanisha mwalimu wa kuokoteza. Anayesema hivyo hajui kilichotokea. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilikutana Musoma, ziwa hilihili, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Mwaka huo wa 1974 watoto waliokuwa shule za msingi nchi nzima walikuwa takriban milioni 1.2. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamevuka milioni 3. Nani aliwafundisha? Vyuo havikuwa na nafasi ya kutoa walimu wote hao. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini: sehemu ya siku anafundisha watoto, sehemu ya siku anasoma mwenyewe chini ya mwalimu mlezi, kuna masomo kwa njia ya posta na vipindi vya redio, na hivyo kwa miaka mitatu mpaka apate cheti cha daraja la IIIC.

Mwaka 1976 mama yako alikuwa na miaka 18. Binti wa miaka 18, mwenye elimu ya darasa la saba, anasimama mbele ya darasa ambalo huenda lina watoto wanaomkaribia urefu, na usiku anasoma kwa koroboi ili kesho awatangulie ukurasa mmoja. Aliifanya kazi hiyo miaka 42. Viongozi watakaokaa chini ya turubai lenu, wenye umri wa kutosha, waulize waliwekewa kalamu mkononi na nani. Mwambie kaka yako kwamba ukiitoa UPE unamtoa mama mwenyewe, unabaki na "mwalimu kitaaluma" ambaye anaweza kuwa mtu yeyote. Iandike kwa mwaka wake na kwa jina lake. Maandazi nayo yaandike. Kila mtu aliyesoma miaka ile anajua mshahara wa mwalimu ulivyokuwa ukichelewa, na hakuna atakayecheka. Wengi watakumbuka beseni na kitambaa cheupe juu yake.

Kuhusu baba yenu sina maneno mengi. "Aliwalea watoto wanne peke yake" inatosha. Ndugu zake watakuwepo, wataelewa.

Nimeliacha la nauli mpaka hapa kwa sababu ndilo lililokufanya uniandikie. Mara 31. Sitakuambia kwamba si kitu. Ni mara 31 ambazo mtoto alikaa barabarani kwa mwanamke mwenye begi la bluu ambaye hakuja, na alama nyekundu inaonyesha kwamba mama alijua. Aliandika kwanza "Nauli Magu", ndipo akakata. Hakukusahau. Aliamua. Najua kuamuliwa hivyo kunauma kuliko kusahauliwa, na una haki ya kuumia mpaka leo na miaka yako 40. Asikuambie mtu kwamba kwa sababu alisaidia maskini basi wewe unyamaze.

Lakini umehesabu upande mmoja, mwanangu. Umesema mstari huo upo kila mwezi. Miaka 14 ni miezi 168. Ukitoa 31 inabaki 137 ambayo haikukatwa. Wewe umeniandikia "mara nyingi" umekatwa. Kalamu ya mama yako inasema vingine. Sisemi alikuja mara 137. Kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa mtumbwi, kisha meli, kisha gari, huenda alikusanya nauli ya miezi mitatu ndipo akaweza safari moja, au aliituma kwa bibi ikawa unga na sare zenu. Ninachosema ni kwamba kila mwezi, kabla ya mengine, alikaa na kalamu akawatengea ninyi. Kahesabu na hiyo, umwonyeshe dada yako, mpige hesabu mkiwa wawili.

Halafu fungua kurasa za mwaka 1996. MV Bukoba ilizama Jumanne, tarehe 21 Mei. Mshahara wa Mei, bila shaka, ulikuwa haujatoka. Wiki ile miili ilikuwa bado inatolewa majini, nchi nzima inaomboleza, na pwani yote ya ziwa hili watu waliogopa kugusa maji. Mimi nakumbuka wanaume wazima waliokataa kupanda mtumbwi wa kuvuka mlango wa ghuba tu. Wiki hiyohiyo, kabla ya mwisho wa mwezi, bila mshahara, mama yako alipanda chombo akavuka ziwa, akaja mpaka Magu na miguu iliyovimba kulala usiku mmoja na mtoto wa darasa la nne. Hakuna aliyemwandikia kwamba huli. Alijua tu mtoto wake angedhani nini akisikia neno meli. Nauli aliitoa wapi? Sijui kama imeandikwa. Katazame. Hata kama ukurasa ni mtupu, wewe mwenyewe ni shahidi kwamba aliingia mlangoni, na hilo linaingia kwenye wasifu kabla ya vyeti vyote.

Dada yako anaogopa kumwanika mama, na namwelewa. Kuna tofauti kati ya kumshtaki mtu na kutaja alichokitoa. Shutuma zako zina mahali pake. Nenda Magu siku moja kabla ya wengine, jioni, peke yako kaburini, umwambie mama yote kwa sauti, ya barabarani na ya begi la bluu. Usiandike, sema. Kisha wakalishe kaka na dada uwasomee zile hesabu za nyuma ya kaunta buku, maana wao pia waliachwa, na yawezekana kaka anayetaka maneno ya kung'aa ni yule kijana wa miaka kumi na kitu aliyewashika mikono wadogo zake na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Baada ya hapo utaweza kuandika miaka ya kisiwani bila mkono kutetemeka. Mimi ningeiandika hivi, wewe urekebishe nisipopajua:

"Mwaka 1989 Mwalimu alihamishiwa kisiwani. Hakuwa na nyumba ya kuishi na watoto, akawaacha wanne wote kwa mama yake hapa Magu. Mdogo alikuwa na miaka minne. Alisema ni mwaka mmoja, ikawa miaka 14. Kila mwezi alitenga nauli ya kuja kuwaona. Mara 31 aliitoa nauli hiyo kwa mtoto wa kisiwani asiye na viatu, daftari au dawa. Watoto wake walikuwa barabarani wanamngoja. Tunalisema hili ili ndugu zetu wa kisiwani wajue walichopewa kilitoka wapi."

Hakuna tusi humo, na hakuna uongo. Isomeni na dada kwanza. Akilia, mwache alie, msibadilishe.

Na wajukuu usiwasahau. Umeniambia ulikuwa ukiingia ndani kulia ukimwona mama na mwanao mkekani. Mimi namwona mwanamke aliyefika miaka 60 akiwa amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, kisha akapewa mtoto wa damu yake, muda anao, mshahara haudaiwi, meli haimsubiri. Kwa nini asimame getini kila siku na magoti yale? Nadhani alikuwa akikungoja wewe barabarani, safari hii yeye ndiye aliyewahi. Hakujua kusema, walimu wengi wa kizazi chake hawakujua kusema samahani kwa mtoto. Alijua kupanga vizibo vitano hapa na vitatu pale. Mwanao ana miaka ya kutosha kusema sentensi mbili mbele za watu. Mpe kopo la Blue Band alishike wakati wa kusoma, aeleze mwenyewe lilikuwa la nini. Usimwandikie maneno.

Mambo madogo ya siku yenyewe. Wasifu usizidi kurasa mbili na nusu kwa mkono wa kawaida. Jua la Agosti Magu unalijua, na vumbi lake, na wazee hawawezi kusimama sana. Mwaka wa kuzaliwa, shule na kustaafu weka sentensi mbili za mwanzo, umalize, ili nafasi ibaki ya mengine. Tafuta barua yake ya kwanza ya ajira kwenye lile sanduku. Walimu wa zamani hawakutupa karatasi za serikali, na kama ipo utapata tarehe na jina la shule yake ya kwanza bila kubahatisha. Usimpe mshereheshaji asome. Atasoma kama anavyotangaza magari yaliyoziba njia. Usome wewe. Ukikwama, kaka apokee pale ulipoishia, kwa hiyo awe na nakala yake na awe ameshaisoma nyumbani kwa sauti angalau mara moja, sehemu ya UPE hasa. Nina hakika akiisoma kwa sauti hataona tena aibu.

Maneno kama "upendo wa pekee" na "mcha Mungu asiye na mfano", kama mkono unagoma, uache ugome. Mkono wako umefundishwa na mwalimu.

Na yule mama wa dagaa mtafute kabla ya siku hiyo. Si vigumu, wanawake wa dagaa wa visiwani wanapita Mwaloni pale Kirumba, na watu arobaini waliokodi Hiace mbili wana namba zao za simu kwa yeyote kati ya wale madereva au kwa mwalimu mkuu wa shule ile. Mwalike aje nyumbani kwako Nyakato, si kaburini. Mpikie. Usimwambie habari ya hasira yako siku ya kwanza, itakuja yenyewe au haitakuja. Mfungulie kaunta buku ya miaka yake, mpe na miwani kama anahitaji, umwombe atafute jina lake kati ya viduara vyeusi na vitupu. Muulize alikuwa wapi zile siku nyeusi, na mama alimfanyia nini aliporudi. Keti karibu naye mkekani uandike anachosema.